Mwalimu wa Mbwa Anayekuja Nyumbani: Tathmini ya Huduma kwa Mbwa Anayefukua Bustani

Kwa wafugaji wa mbwa hapa Arusha ambao bustani zao zimejaa mashimo, naandika kuhusu huduma ya mwalimu wa mbwa anayefika nyumbani, ambaye tulimwita kwa sababu ya mbwa wetu jike wa aina ya Jack Russell aliyekuwa akifukua ukoka na maua kila tulipokwenda kazini. Malipo ya ziara moja yanakaribia bei ya mfuko mkubwa wa chakula cha mbwa, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya fedha hiyo ilirudi kabla mbwa mwenyewe hajafunguliwa bandani.

Mwalimu alianza kwa kukagua mashimo. Alichuchumaa kando ya lile lililo nyuma ya tangi la maji, akaingiza kiganja, kisha akatutaka nasi tufanye vivyo hivyo: udongo wa chini ulikuwa baridi na wenye unyevu, ilhali wa juu ulikuwa unachoma. Hilo, alieleza, ni shimo la kulalia, kwa kuwa mbwa hapunguzi joto kwa kutoka jasho mwili mzima kama sisi, bali hutegemea zaidi kuhema. Lililofuata ukuta hadi karibu na geti lilikuwa la kutafuta pa kutokea. Yale ya kwenye mawaridi, yaliyotukera kuliko yote, yalitokana na unga wa mifupa ambao mtunza bustani alikuwa ameufukia kama mbolea, na ambao harufu yake humvuta mbwa kama mfupa wenyewe. Wapo wanaoshikilia kwamba mbwa huchimba kwa ukorofi tu. Mimi maelezo haya yaliniridhisha zaidi, hasa nikikumbuka kuwa aina hii ilianzia Uingereza katika karne ya 19, kwa mbwa wa kasisi John Russell waliozalishwa ili kuwafuata mbweha mashimoni.

Tiba ilifuata chanzo. Tuliweka kivuli na maji ya kutosha, tukaacha unga wa mifupa na kutumia mboji, na tukalaza wavu wa kuku chini ya udongo kandokando ya ukuta, ncha zake zikiwa zimekunjwa kuelekea chini zisije zikamkata miguu. Aidha, tulimtengea sanduku la mchanga ambamo tunamfukia dagaa wakavu, naye husifiwa anapochimba humo. Kumgombeza jioni kwa shimo la asubuhi tulikatazwa kabisa, kwani hawezi kuyahusisha mambo hayo mawili, na kumfukuza kwa naftalini, vile vidonge vya kuzuia wadudu kabatini, pia, kwa kuwa ni sumu kwake.

Kasoro zipo. Mwalimu huchelewa bila kupiga simu, na dawa ya pilipili anayoiuza kwa bei ya juu haifai kitu: huondoka mara bustani inapomwagiliwa, na ikimwingia mbwa machoni humtesa bure. Ziara ya pili pia ingeweza kufanywa kwa simu.

Mawaridi sasa yamesalimika, ingawa ukoka bado hupata shimo moja moja mbwa anapokosa matembezi ya jioni. Atakayejenga sanduku la mchanga alitengenezee na kifuniko cha usiku, jambo ambalo mwalimu hakulitaja, la sivyo paka wa majirani watalifanya choo chao.