Siku tano za Orff na Dalcroze Kisumu: nilicholipia, nilichorudi nacho Khayega

Nafundisha PP2, darasa la pili la chekechea, katika shule moja karibu na Khayega, mwaka wa kumi na moja sasa. Likizo ya Aprili nililipa shilingi 14,500 kwa mafunzo ya siku tano ya kufundisha kwa muziki na mwendo, kwa njia za Orff, mtunzi wa Ujerumani, na Dalcroze, mwalimu wa muziki wa Uswisi, yaliyofanyika katika ukumbi mmoja mtaa wa Milimani, Kisumu. Nauli na malazi juu yangu. Walimu wenzangu watatu wameshaniuliza kama wapeleke pesa yao huko mwezi wa nane, kwa hivyo naandika mara moja wasome wote.

Wakufunzi walikuwa wawili. Asubuhi tulikuwa na mama wa makamo aliyesomea Salzburg, Austria, kwenye taasisi ya Orff iliyofunguliwa mwaka wa 1961. Mchana alikuwa kijana kutoka Uswisi na piano yake. Huyo ni wa Dalcroze.

Nianze na mchana, maana huko ndiko nilikofunguka macho. Hakuna dawati wala daftari. Unavua viatu, piano inaanza, nawe unatembea kwa mwendo wake. Akisema "hop!" hatua zinakuwa za mbio maradufu, akisema tena, unarudi ulipokuwa. Ni rahisi mpaka aongeze makofi: miguu ishike pigo, mikono ishike maradufu, na kwa kila "hop" vibadilishane kazi. Siku ya kwanza walimu 26 wazima tulikwama katikati ya ukumbi. Akatueleza jambo hili lilikotoka. Émile Jaques-Dalcroze alianza kufundisha hamonia, yaani jinsi sauti zinavyopatana, huko Geneva mwaka wa 1892, akakuta wanafunzi wenye vidole vyepesi kwenye ala lakini hawausikii vichwani muziki wanaouandika, na wengine mwendo unawaponyoka kabisa. Hao hao wakitembea njiani hawakosei hatua. Basi akaamua kuanzia miguuni. Nilipomsikia niliwaona watoto wangu. Miaka yote nimechora nota ubaoni kwa chaki na kuuliza, "Hii ina mapigo mangapi?" Wananijibu kwa kukariri. Hakuna hata mmoja niliyewahi kumwambia ayatembee.

Siku ya tatu aliuliza nani amekuja na mdundo wa kwao. Nilikuwa nimebeba ngoma ndogo ya isukuti ya baba yangu, nimeifunga kwa leso. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, na ile ndogo hukimbia kuliko miguu ya wachezaji. Nilipoanza kupiga, walimu wa Siaya na Nyando wakazunguka ukumbi. Mkufunzi akaondoka kwenye piano, akaja kusimama karibu yangu kabisa akitazama viganja vyangu. Akasema, "Mwalimu, tafadhali rudia polepole." Hakuwa akipata pa kuweka mguu wa kwanza. Nikamwonyesha kwamba kwetu mabega ndiyo hutangulia, mguu unafuata. Alijaribu mara tatu, ya nne ikakaa. Siku mbili zilizobaki alifungua kila kipindi kwa mdundo huo. UNESCO iliiweka isukuti mwaka wa 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na mimi, binti wa Isukha, jamii yenye ngoma hiyo, nilikuwa naileta shuleni msimu wa Tamasha la Muziki tu. Hilo liliniuma, na ndilo lililonifanya niseme pesa yangu haikupotea.

Asubuhi za Orff zilikuwa tulivu zaidi. Unaanza na maneno, maneno yanaingia mwilini, na ala inakuja mwisho. Alituomba majina ya vyakula tukampa sukuma wiki na omena. Nusu yetu tulishika "omena, omena" kwenye mapaja bila kuacha, nusu wakapiga makofi ya "sukuma wiki" juu yake, halafu vishindo vya miguu, halafu kualisha vidole. Baada ya hapo ndipo tukagusa marimba. Za Orff zina mbao zinazoinuliwa: ukitoa fa na ti, zinabaki do, re, mi, so na la, na hapo hakuna sauti mbili zilizokaribiana kiasi cha kugombana. Mtoto apige popote, itapatana.

Alipotuonyesha bei ya marimba hizo tulinyamaza wote. Nafikiri alituelewa, kwa sababu kesho yake alileta kipande cha mbao na pakiti ya chumvi. Aliulaza ubao juu ya sponji, akanyunyiza chumvi, akaugonga katikati taratibu kwa kijiti. Chembe zikaanza kurukaruka na kusogea, mpaka zikajipanga mistari miwili, mmoja kila upande. Penye mistari mbao haitetemeki, ndipo pa kupitishia kamba. Kwenye ubao wa sentimita 30 ni kama sentimita 6.7 kutoka kila mwisho. Dakika hizo kumi pekee zingeweza kunirudisha Kisumu.

Sasa yaliyonikera. Mafunzo yote yamepangiwa darasa la watoto ishirini na ukumbi mpana. Mimi nina 61. Nilipouliza niliambiwa nigawe makundi, bila maelezo zaidi. Jibu la maana nililipata kwa mwalimu kutoka Bungoma wakati wa chai: nusu wakae washike mdundo kwenye mapaja, nusu watembee, na "hop" ndiyo iwabadilishe. Karatasi tulizopewa zilikuwa zimefifia hadi nota hazisomeki. Cheti tuliahidiwa Ijumaa. Changu kilifika baada ya wiki saba na simu nyingi. Waandaaji wanaochukua ada kama hiyo wanapaswa kuwaheshimu walimu zaidi ya hapo. Chakula kilikuwa kizuri.

Ushauri wangu kwa hao watatu: nendeni, ila msiende mikono mitupu. Bebeni ngoma au orutu, ile fidla ya kienyeji, na nyimbo za kwenu, kwa sababu nyingi za wakufunzi ni za Kijerumani na Kiingereza. Ulizeni kuhusu madarasa makubwa siku ya kwanza, msingoje Alhamisi kama mimi. Na msinunue ala yoyote kabla ya kurudi.

Mimi nimetumia fundi wa viti hapa Khayega. Alinikatia mbao nane kutoka masalio yake, nikatafuta mistari ya chumvi mwenyewe, nikazilaza juu ya kamba mbili za nailoni. Watoto huzipigia chini ya mparachichi, wanne wanne, wengine wakitembea. Sauti ya la bado iko juu kidogo. Inabidi niikwangue katikati, upande wa chini, ndipo sauti ishuke, na nimeshaazima patasi.