PCR au kusoma jenomu nzima: kipi kitufae Kigoma?

Abiria akishuka botini kutoka Kalemie, Kongo, na malengelenge viganjani, swali la kwanza ni moja: mpox au tetekuwanga? Hapo PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi, haina mpinzani. Majibu hutoka kwa saa chache, mgonjwa anatengwa.

Ila PCR hutazama kipande kidogo tu cha kirusi. Jenomu ya kirusi cha mpox, yaani vinasaba vyake vyote, ina herufi za vinasaba karibu 197,000, na kuzisoma zote ndiko kulikofichua kwamba aina ya kirusi iitwayo Ib, iliyoibukia Kamituga, mashariki mwa Kongo, mwaka 2023, imepoteza kipande kilekile ambacho baadhi ya vipimo vya PCR vilikitegemea. Mabadiliko ya herufi yalionyesha pia kwamba kirusi kinapita mtu kwa mtu.

Kusoma jenomu ni ghali, na huchukua siku. Hata hivyo, kwa mji wa bandari kama wetu, sampuli chache za kila mlipuko zisomwe zote.