TAHADHARI: Redio za Android za magari na mafundi wanaokata soketi, hasa Kariakoo na mitandaoni

Ndugu zangu wenye magari hapa Dar, someni hili kabla hamjampelekea mtu gari akabadilishe redio. Kuna wauzaji wanaowapiga watu mchana kweupe kwa redio za Android zenye sifa za uongo, na kibaya zaidi ni kile wanachokifanya nyuma ya dashibodi mnunuzi akiwa amekaa kwenye benchi anaangalia simu.

Hamu ya kubadilisha redio inaeleweka. Gari nyingi tunazoagiza Japani, IST, Noah, Passo, Harrier, zinakuja na redio ya masafa ya huko, 76 hadi 90. Kwa hiyo Wasafi 88.9 utaipata, lakini EFM 93.7 na Times 100.5 husikii kitu. Menyu ni ya Kijapani, na ukitoa betri baadhi ya skrini zinadai diski ya ramani zikagoma kufungua hadi ziipate. Mtu anachoka, anaona tangazo la skrini kubwa inayowaka rangi zote, anatoa hela.

Ndivyo ilivyokuwa kwa dada yangu anayekaa Tabata. Ana Noah, anaitegemea kupeleka watoto wa shule. Aliona Instagram skrini ya inchi 9: Android 13, RAM 8, uhifadhi GB 128, nguvu 4×60W, ufundi bure, na spika mpya za milango ya mbele juu yake. Shilingi laki nne na nusu. Duka siliandiki jina hapa, ila liko upande wa Gerezani na gari walilifungulia barabarani. Alipoondoka kila kitu kilikuwa kinawaka na muziki unalia, akafurahi.

Furaha haikufika mbali. Asubuhi gari haliwaki, betri imekufa. Akiwasha ramani, skrini inaganda. Kamera ya nyuma, iliyokuwa inafanya kazi tangu Japani, ikawa giza tupu. Spika za mbele zinakoroma hata kwa sauti ya chini. Akarudi dukani. Akaambiwa betri yake ni chakavu, na kamera "ilikuwa inakufa tu". Alipodai arudishiwe redio yake ya mwanzo, jibu likawa kwamba vitu vya zamani huwa wanatupa. Na hata angeipata, wakamwambia, haiwezi kurudi kwa sababu soketi yake haipo tena.

Hapo kwenye soketi ndipo pa kukaa nao macho. Redio ya kiwandani ya Toyota huchomekwa kwa soketi, na ile kubwa iliyozoeleka ina pini 10 na ndogo ina pini 6. Redio mpya inatakiwa ije na soketi ya kati: upande mmoja unaingia kwenye redio, upande wa pili unachomekwa kwenye ile ya gari. Hakuna waya hata mmoja wa gari unaokatwa. Ukitaka kuuza gari kesho, unachomoa, unarudisha ya zamani. Soketi hiyo ya kati ni kitu cha bei ndogo kabisa ukilinganisha na redio yenyewe, kwa hiyo fundi anayekata ile ya gari hakuokolei hela yoyote. Anachofanya ni kukufungia njia ya kurudi. Redio yako ya kiwandani imebaki kwake, nzima, na wewe huwezi kuidai kwa kuwa huna pa kuichomeka.

Nilimpeleka dada kwa fundi umeme wa magari ninayemwamini Mwenge, tukafungua dashibodi pamoja. Soketi zote mbili zilikuwa zimekatwa, nyaya zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa solotepu. Waya wa njano na mwekundu wa redio mpya vilikuwa vimeunganishwa pamoja. Njano ni wa umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, wa kutunza saa na stesheni. Mwekundu unatakiwa upate umeme pale tu unapogeuza ufunguo. Ukiviunganisha pamoja kwenye umeme wa kudumu, redio haijui kwamba gari limezimwa. Inaendelea kula betri usiku kucha. Betri ya dada haikuwa na kosa lolote.

Kamera nayo ilikuwa na maelezo yake. Kamera nyingi za kiwandani za Toyota zinatumia volti 6, na redio ya kiwandani ndiyo iliyokuwa inazitoa. Wale mabwana waliichukulia umeme moja kwa moja kwenye taa ya rivasi, volti 12. Iliungua siku hiyohiyo.

Spika ndizo zilizoniuma zaidi, maana huo ni wizi wa wazi. Zile za kiwandani zilizotoka kwenye milango hazikurudishwa, na "mpya za bure" zina sumaku nyembamba na karatasi laini inayobonyea kwa kidole. Mtu anapewa takataka, anachukuliwa kitu kizima, na anatakiwa aseme asante. Juu ya hapo waya wa hasi wa spika moja ulikuwa umefungwa kwenye bodi ya gari. Redio za siku hizi haziruhusu hilo kabisa: hasi ya spika inarudi kwenye redio yenyewe, na ukiipeleka kwenye bodi unaweza kuiua chipu ya kutoa sauti.

Sasa zile sifa. Ukurasa wa setingi unaosema Android 13 na RAM 8 usiuamini, kwa sababu aliyetengeneza programu ya redio anaweza kuandika pale chochote anachotaka. Kabla hujalipa, omba redio iwashwe mezani, unganisha na intaneti ya simu yako, kisha weka programu ya kukagua vifaa kama AIDA64 na uangalie kiwango cha API, yaani namba inayotambulisha toleo halisi la Android. Android 13 ni API 33. Ukiona 27, hiyo ni Android 8.1 iliyovishwa kanzu. Ya dada ilionyesha 27, na RAM ikasoma GB 2. Uhifadhi upime kwa kuujaza: njoo na flashi yenye video nyingi, nakili hadi uone inapogomea, halafu zicheze kutoka ndani ya redio. Muuzaji mkweli hatakukataza. Anayesema "bosi, hapa hatufungui fungui vitu" ameshakujibu.

Nguvu ya sauti nayo ina hesabu yake. Redio inayotumia umeme wa gari bila amplifaya ya nje (kifaa cha kukuza sauti) hutoa kama wati 20 tu kwa kila spika, hata boksi liandikwe nini. Geuza redio uangalie fyuzi ya nyuma. Kama ni ya ampea 10, zidisha kwa volti 14: ni wati 140 zinazoweza kuingia kwa muda mrefu, kwa spika zote, skrini na kila kitu. Hizo 240 za 4×60 zitatoka wapi? Ndivyo hivyohivyo kwa amplifaya zinazouzwa na sabufa. Boksi linasema 3000W, fyuzi ni ya ampea 30, yaani zinazoingia ni kama 420, na sehemu kubwa ya hizo inaishia kuwa joto.

Na kwa wanaofunga amplifaya, hapa msikubali mzaha hata kidogo: waya mnene unaotoka kwenye betri lazima uwe na fyuzi yake karibu na betri, si mbali huko kwenye buti. Waya huo ukichubuka mahali unapopita kwenye bati na hakuna fyuzi, gari linaweza kushika moto na hakuna kitakachoukata umeme. Kagueni pia kama ni shaba kweli. Nyaya nyingi zinazouzwa rahisi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe ndani umeshajua, na waya wa hivyo hauwezi kubeba umeme sawa na wa shaba wa unene uleule.

Wauzaji wa mtandaoni wasio na duka nitawasema kwa kifupi. Wanataka nusu ya hela kwanza "kukuwekea mzigo", halafu wanakublock. Usitume. Kama unalipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa tofauti na jina la duka, simama hapo. Namba ya tapeli itume kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Dukani dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iliyoandikwa aina na modeli ya redio, maana "vifaa vya gari" haitakusaidia popote. Na kama umeuziwa feki yenye nembo ya Pioneer, Kenwood au Sony, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC; bidhaa bandia ni kazi yao.

Tena, kama shida yako ni stesheni tu, si lazima ubadilishe redio. Kuna kifaa kidogo cha kuhamisha masafa kinachochomekwa kwenye waya wa antena. Kikiwa cha kushusha masafa kwa 15, Times 100.5 utaisikia kwenye 85.5. Redio yako inabaki palepale.

Anayebadilisha, abaki amesimama mlangoni mwa gari kazi ikifanyika. Piga picha ya soketi kabla haijachomolewa, mwambie fundi mapema kwamba hakuna kukata, na redio ya zamani na spika viingie kwenye gari lako kabla hujalipa.

Noah ya dada bado haijatengemaa. Fundi ameshatenganisha njano na mwekundu na betri imetulia, lakini tunatafuta soketi za kiwandani za pini 10 na pini 6 zikiwa na mikia ya waya angalau kiganja kimoja, tuunge upya kila rangi mahali pake. Mwenye nazo au anayejua zinapopatikana Ilala au Shaurimoyo aniandikie hapa chini.