Kolaji au Matandiko ya Viraka: Njia Mbili za Kufundisha Kumbukumbu kwa Sanaa

Mwalimu wa sanaa anayetaka wanafunzi wake wageuze kumbukumbu kuwa simulizi linaloonekana anaweza kujifunza kwa wasanii wawili wa Marekani. Romare Bearden alijikita katika kolaji, yaani picha inayoundwa kwa kubandika vipande pamoja, katika miaka ya 1960, akikata picha za magazeti na karatasi za rangi ili kurudisha maisha ya North Carolina alikozaliwa. Faith Ringgold, aliyefundisha katika shule za umma za New York kuanzia 1955 hadi 1973, alichagua matandiko ya viraka, na la kwanza alilishona mwaka 1980 pamoja na mama yake, Willi Posey, mbunifu wa mavazi.

Kolaji ni nyepesi na ya haraka.

Matandiko hudai subira, lakini hutoa zaidi, kwa sababu watu wanaoshona pamoja huzungumza, na katika mazungumzo hayo ndimo hadithi yenyewe inamozaliwa. Isitoshe, Ringgold aliandika maneno juu ya kitambaa, hivyo mtazamaji husoma kisa badala ya kukibuni kutokana na picha, jambo ambalo kolaji huliacha wazi (na uwazi huo humfaa mwanafunzi ambaye bado hajawa tayari kusema kila kitu). Kwa kipindi kimoja ningechagua kolaji. Nikipewa wiki kadhaa, ningeomba kila mwanafunzi alete nguo ya mtu anayemkumbuka, tuanze kushona.