Born a Crime ya Trevor Noah: kicheko kiko mbele, bili iko sura ya 18

Jina lililo kwenye jalada ni la Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini anayesimulia humu maisha yake mwenyewe, lakini mwenye kitabu ni mamake. Patricia Nombuyiselo Noah, Mxhosa, aliamua kuzaa na Mzungu kutoka Uswisi huku akijua vizuri sheria ya Afrika Kusini inasema nini. Mtoto akazaliwa Johannesburg, Februari 1984. Sheria ya Uasherati ya mwaka wa 1927 ilikataza Mzungu na Mwafrika kulala pamoja: mwanamume kifungo hadi miaka mitano, mwanamke minne. Maneno ya sheria hiyo yamechapishwa mwanzoni kabisa, makavu, kabla hujafikia kichekesho cha kwanza. Sheria ya namna hiyo haihitaji shahidi. Ushahidi wenyewe unanyonya.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru. Mama ni Mluhya, baba alikuwa Mhindi mwenye duka, na tangu shule ya msingi watoto waliniita pointi, yaani chotara. Kwa hiyo sikukisoma kitabu hiki kama mtalii. Nilikisoma nikitafuta mahali pa kumkamata mwandishi akidanganya.

Sikumkamata katika sura za utotoni. Mamake akitaka kumtembeza, anamtafuta jirani chotara mwenye rangi inayokaribiana na ya mtoto, yule jirani anashika mkono, na mama mzazi anafuata nyuma kama yaya. Soweto kwa nyanya yake hatolewi nje, polisi wasije wakamwona. Anachimba chini ya lango na kutoroka. Nyanya mwenyewe hawezi kumchapa kwa sababu, anasema, mtoto mweusi ukimchapa anabaki mweusi, lakini huyu anageuka rangi zote, bluu, kijani, nyekundu, na yeye hataki kuua Mzungu. Hapo nilicheka mpaka mteja aliyekuja kupimwa sketi akaniuliza kama niko sawa.

Wazee wa hapa bado wanakumbuka Milimani ilipokuwa ya Wazungu na Bondeni ya Waafrika, kwa hiyo habari ya kutengwa si ngeni kwetu. Lakini makaburu waliifanya kwa makaratasi ya kushangaza. Mwaka wa 1950 walipitisha sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi, na nyingine ya kumpangia pa kuishi. Noah anaeleza jinsi Mchina alivyohesabiwa pamoja na weusi, huku Mjapani akipewa nafasi ya Mzungu. Maelezo haya ameyaweka katika vipande vifupi kati ya sura na sura, na naona ndicho kitu cha akili zaidi katika mpangilio wa kitabu. Mtu ambaye hakufundishwa historia ya Afrika Kusini hapotei, na anayeijua anaruka ukurasa mmoja tu.

Sura iliyoniweka macho usiku ni ile ya Robert, baba mtu. Hakuruhusiwa kuonekana na mwanawe. Siku moja wakiwa kwenye bustani ya Joubert Park, Trevor mdogo anamkimbilia akimwita baba kwa sauti, watu wanageuka kutazama, na Robert anatimua mbio. Mtoto anadhani ni mchezo, anamfukuza. Imeandikwa kama kichekesho. Lakini huyo huyo Robert, Jumapili baada ya Jumapili, alikuwa akikaa na mtoto wake ndani ya nyumba. Walipopotezana, Trevor akamtafuta akiwa mtu mzima, na yule mzee akamtolea albamu aliyobandika kila kipande cha gazeti kilichomtaja.

Baba yangu hakukatazwa na sheria yoyote. Kenya huru, miaka ya sabini, hakuna polisi wa kumuuliza. Alikuwa akitupimia sukari ng'ambo ya barabara na kumrudishia mama chenji kama anavyomrudishia mtu yeyote. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kitabu hiki ni hadithi ya sheria mbaya, namwambia asome tena. Sheria ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kila mtu anafanya nini sheria ikiwepo, na anafanya nini isipokuwepo.

Nusu hiyo ya pili ndiyo Abel. Mandela anatoka jela 1990, uchaguzi unafanyika 1994, makaratasi ya rangi yanachanwa, na katika miaka hiyo hiyo ndani ya nyumba anaingia baba wa kambo, fundi wa magari, mcheshi mbele za watu. Anampiga Patricia. Patricia anakwenda kituo cha polisi kuandikisha, na askari wanamuuliza alimfanyia nini mumewe. Abel anafika nyuma yake, wanapiga naye soga, wanamwambia wanajua wanawake walivyo. Hakuna kilichoandikwa. Mwanamke aliyeishinda sheria ya makaburu kwa ujanja wake anashindwa na kalamu ya askari aliyekataa kuandika.

Nimewahi kusimama kwenye kaunta ya namna hiyo na dada wa rafiki yangu, katika mji ambao sitautaja. Tuliambiwa tukaongee nyumbani.

Mwaka wa 2009, Patricia akiwa ameshaachana naye na kupata mwenzi mwingine, Abel anampiga risasi. Bastola inagoma mara kadhaa, kisha inafyatuka. Risasi inaingia kisogoni na kutokea puani. Baada ya siku nne yuko nje ya hospitali. Bima ya afya hakuwa nayo. Bima yake, anamwambia mwanawe, ni Yesu. Trevor anatoa kadi yake kulipa. Na Abel? Anakiri, anapewa miaka mitatu ya uangalizi, halali jela. Hakuwa na rekodi yoyote ya jinai, kwa sababu zile safari zote za kituoni hazikuandikwa. Ukifika hapo ndipo unaelewa kwa nini askari wa kaunta alielezwa kirefu hivyo mapema katika sura hiyo hiyo.

Mambo mengine niyapitie haraka. Sehemu za lugha ni tamu: vijana wa Kizulu wanapanga kumpora wakidhani haelewi, anawageukia kwa Kizulu chao na kuwaambia basi waende wakapore pamoja. Kisa cha kamera ya dukani, ambapo picha isiyo na rangi inamfanya aonekane Mzungu na walimu wanashindwa kumtambua akiwa amekaa mbele yao, ningekilipia peke yake. Visa vya mapenzi ya shuleni ni virefu kuliko utamu wake. Mpangilio wa miaka unarukaruka: Abel anatajwa, anapotea, anarudi, na unalazimika kuhesabu vidoleni Trevor ana miaka mingapi. Andrew, mdogo wake wa kwanza, anapita kama mgeni ingawa ndiye aliyekuwepo siku ya risasi. Huyo nilitaka kumsikia zaidi.

Kiingereza chake ni chepesi. Mtu wa kidato cha pili anakimudu. Kuna toleo la sauti alilosoma Noah mwenyewe, na kama mikono yako ina kazi, kama yangu, lipe nafasi: lafudhi zote anaziigiza, na Kixhosa unakisikia na vidoko vyake, zile sauti za kugonga ulimi, kitu ambacho karatasi haiwezi. Nampa nyota nne.

Kuhusu nakala: zinazouzwa barabarani nyingi ni za kudurufu, wino umefifia na gundi inaachia ukikikunja mara moja. Mwandishi mwenyewe alijipatia pesa ujanani kwa kuuza sidii za kunakili, na anasimulia bila haya, kwa hiyo sijui kama ana uso wa kutulaumu. Tatizo ni kwamba wanaodurufu hupunguza kurasa za nyuma. Yangu iliishia Patricia akiwa bado kanisani, na ilinibidi kuazima ya mteja ili nijue kama alipona. Kabla ya kutoa pesa, anzia nyuma, uhakikishe sura ya 18 iko yote.