Kula bata Paris: uchambuzi wa mgahawa wa La Tour d'Argent

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Leo tunauchambua mgahawa wa La Tour d'Argent, uliopo ukingoni mwa mto Seine, namba 15 Quai de la Tournelle, Paris. Naanza na jambo ambalo wengi hulipita juu juu: mwaka 1582.

Wenyewe wanasema ndipo walipoanza, na wana hadithi tamu ya Mfalme Henri III kuuona uma wa kulia kwa mara ya kwanza hapohapo. Mimi hadithi hiyo naipenda, ila sipimi mgahawa kwa hadithi. Huu utaratibu wa kukaa kwenye meza yako na kuchagua chakula kwenye orodha yenye bei ulianza Paris karne ya 18. Kama palikuwa na biashara pale mwaka 1582, basi ni nyumba ya wageni. Na La Tour d'Argent wala haiuhitaji mwaka huo, maana historia yake yenye ushahidi inatosha na kubaki.

Historia hiyo ni ya mtu aitwaye Frédéric Delair, aliyeuendesha mgahawa huu enzi hizo. Yeye ndiye aliyeamua, mwaka 1890, kwamba kila bata anayepikwa pale apewe namba yake, na mteja aondoke na kadi yenye namba hiyo. Mwaka huohuo mrithi wa kiti cha Uingereza, aliyekuja kuwa Edward VII, akala bata namba 328. Mwaka 1921 akaja Hirohito wa Japani, namba 53,211. Mwaka 1948 Elizabeth, bado hajawa malkia, namba 185,397. Mwaka 2003 hesabu ikagonga milioni moja. Sasa sikilizeni, hapa ndipo ninapoupendea mgahawa huu. Ukikaa leo ukaagiza bata, namba yako inaendelea kwenye hesabu ileile ya hao wakubwa. Migahawa mingine ya kale inakuonyesha historia kwenye picha za ukutani. Huu unakuingiza ndani yake, na unafanya hivyo kwa kila anayeagiza.

Tuje kwenye bata mwenyewe. Anatoka Challans, magharibi mwa Ufaransa, akiwa bado mdogo. Anaokwa kidogo tu, ndani abaki mwekundu, kisha mkataji anamkata ukumbini mbele ya macho ya wateja. Minofu ya kifua inawekwa kando, mapaja yanarudi jikoni kuchomwa. Mifupa inayobaki inaingia kwenye mashine ya kukamulia, ya fedha, yenye gurudumu juu. Gurudumu linazungushwa, mifupa inabanwa, damu na uboho vinachuruzika chini. Vinapikwa taratibu na ini lililopondwa, konyaki na mvinyo wa Madeira, mpaka mchuzi unakuwa mzito na kung'aa kama chokoleti iliyoyeyushwa. Unaletewa kifua kwanza, kimezama kwenye mchuzi huo, pamoja na viazi vyembamba vilivyokaangwa mara mbili mpaka vikafura. Mapaja yanafuata baadaye. Ni chakula kizito, kina ladha ya ini na ya nyama ya porini, na hakifai kuliwa kwa haraka.

Ndugu zangu Waislamu, na yeyote asiyekula damu au pombe, hili lazima niliseme wazi. Mchuzi wenyewe ndiyo damu na pombe, na kwa desturi bata wa pishi hili huuawa kwa namna inayozuia damu isimtoke. Hakuna cha kupunguza hapo, pishi lote limejengwa juu ya damu. Samaki wapo, lakini uliza mapema, kabla hata hujaweka nafasi, kama mchuzi wao una mvinyo. Migahawa ya hadhi hii huulizwa maswali hayo kila siku, msione aibu.

Ukumbi upo ghorofa ya juu kabisa tangu 1936, na hilo peke yake ni nusu ya bei unayolipa. Dirishani unaliona kanisa la Notre-Dame kwa nyuma, upande ambao watalii wengi hawaupigi picha, na mto ukipita chini yako. Ule moto wa Aprili 2019 uliliacha kanisa limezungukwa na vyuma vya ujenzi kwa miaka. Likafunguliwa tena Desemba 2024, kwa hiyo huu ni wakati mzuri wa kwenda.

Chini ya jengo ndiko iliko stoo ya mvinyo, chupa zipatazo 300,000. Wajerumani walipokuwa wanaikaribia Paris mwaka 1940, Claude Terrail, mtoto wa mwenye mgahawa, alisimamia kujenga ukuta wa kuzificha chupa bora. Paris ikaanguka Juni 14, ukuta haukugunduliwa. Claude huyo ndiye aliyeuendesha mgahawa kuanzia 1947 hadi alipofariki 2006, kila siku na ua la buluu kwenye koti, na leo unaongozwa na mwanawe André.

Chakula kwa jumla, ukiacha bata? Ulikuwa mgahawa wa nyota tatu za Michelin, kitabu cha Wafaransa kinachopima migahawa, na tatu ndiyo daraja la juu kabisa. Ya tatu ikaondoka 1996, ya pili 2006, ikabaki moja. Mpishi mkuu Yannick Franques ameleta uhai mpya, na baada ya ukarabati uliokamilika 2023 jiko liko wazi, unawaona wapishi wakifanya kazi. Hata hivyo, kama shida yako ni ladha za kushangaza tu, Paris ina migahawa mingine itakayokupa zaidi kwa pesa hiyohiyo. Hapa unalipia bata, dirisha na ule ufundi wa kukata mezani, na kwa hayo matatu sijaona mshindani wake.

Bei ni kubwa, tuambiane ukweli. Nenda mchana: menyu ni nafuu kuliko ya jioni na mwanga unakuonyesha mto vizuri. Omba meza ya dirishani unapoweka nafasi, usingoje kufika. Na kama bajeti haifiki kabisa, jirani hapo kuna duka lao la mikate, Le Boulanger de la Tour. Nunua mkate wako, vuka barabara, kaa ukingoni mwa mto ule.