Majarida yamelipiwa, dawati la maulizo linatufukuza

Dawati la maulizo la maktaba moja ya chuo hapa Kisumu limenitia hasira ambayo mpaka leo haijaisha. Nasomea uzamili wa sosholojia. Tasnifu yangu inahusu jaboya, mtindo wa wanawake wa ufuoni kulazimika kulala na wavuvi ndipo wauziwe samaki. Nilihitaji makala za kitaalamu.

Muhula ulikuwa umeanza tu. Nikamwendea mama aliyekuwa zamu, nikamweleza kwamba ukurasa wao wa sosholojia haufunguki na nenosiri la kuingilia kutoka nyumbani linakataa. Hata macho hakuyaondoa kwenye simu. "Kwani msimamizi wako hakukufunza kutafuta? Google tu. Na hayo ya jaboya kayaulize ufuoni." Foleni nzima ikacheka. Watu wananyanyaswa ziwani, na sisi tunacheka!

Kinachoniuma ni kwamba majarida yale yameshalipiwa. Maktaba za vyuo vya Kenya huyanunua kwa pamoja kupitia muungano wao, KLISC, na ada zetu zimo humo. Ukurasa wa kilimo unafunguka. Wa udaktari pia. Wa sayansi za jamii ndio umekufa, na hakuna anayejali.

Ningeandika siku ile ningewapa sifuri. Lakini baadaye nikapanda ghorofani, nikampata mkutubi kijana. "Dada, vuta kiti." Nenosiri akalitengeneza papo hapo. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia: jaboya usiitafute kwenye sosholojia peke yake, kwa sababu walioiandika sana ni watafiti wa ukimwi na wa uvuvi. Tukaingia huko, makala zikamiminika. Akanionyesha kushika makala moja nzuri, kupekua marejeleo yake, halafu kuangalia nani ameinukuu baada ya kutoka. Akanifungulia AJOL, tovuti yenye majarida ya Afrika, mengi yake bure. JSTOR nayo, hifadhi ya majarida mtandaoni, ukijisajili mwenyewe, unasoma hadi makala 100 kwa mwezi bila malipo, hata chuo kikikufungia. Idadi ya watu wa kaunti za ziwa tukaitoa kwenye ripoti za sensa ya 2019 za KNBS, shirika la takwimu la taifa, nazo ni za bure. Nilishuka ngazi nikiwa na furaha tele, nyota nne mkononi.

Sasa naandika na nyota zinapungua. Mwenzangu kutoka Homa Bay alifukuzwa kwenye dawati lile lile, naye hakujua kuna mtu ghorofani. Alibadilisha mada. Utafiti mzima umepotea kwa sababu ya zamu ya mtu mmoja! Kijana yule anastahili tano. Maktaba naipa moja, na hiyo moja ni yake.

Ukienda, dawati la chini lipite. Panda, ulizia mkutubi wa sayansi za jamii, na usiondoke kabla nenosiri halijafanya kazi mbele ya macho yako.